Fundi Anajibu: Naitrasi, Jeti na Mita Inayoficha Mambo

Safari hii barua nyingi zilizotufikia ni za naitrasi, gesi ya kuipa injini oksijeni na nguvu za ziada, ile ambayo vijana wa magari huiita "nosi". Tumechagua saba. Kwanza tuelewane maneno. Mchanganyiko mzito ni ule wenye petroli nyingi kuliko hewa inavyohitaji. Mwepesi ni ule uliopungukiwa petroli. Namba kama 11.9 au 12.9 ni kilo za hewa kwa kila kilo moja ya petroli, kwa hiyo namba ikipanda, petroli imepungua. Waidibendi ni mita inayosoma namba hizo kutoka kwenye moshi wa ekzosi. Jeti ni kijitundu kinachopima kiasi cha petroli au naitrasi kinachopita. Mfumo wa "weti" hunyunyiza naitrasi pamoja na petroli yake. Wa "drai" hunyunyiza naitrasi peke yake na kuiachia kompyuta ya injini kazi ya kuongeza petroli kwenye injekta.

Mafundi, salamu. Nina Altezza ya gia za mkono, injini 3S-GE, imefungwa seti ya weti ya nguvu farasi 50. Tuliiseti Nairobi asubuhi ya baridi na mita ya waidibendi ilitulia 11.9 tangu mizunguko 3,500 hadi 7,000 kwa dakika. Nimeshuka nayo Mombasa, sijagusa kitu. Sasa inaanza 12.0 halafu inapanda taratibu, na ikifika mizunguko 6,500 inasoma 12.9. Jamaa yangu anasema joto la Pwani limepandisha presha ya mtungi, niweke jeti kubwa ya petroli yaishe. Nimsikilize? — S.K., Mombasa

Usiguse jeti. Jamaa yako ana ukweli nusu, na nusu iliyobaki ndiyo itakayotoboa pistoni.

Ni kweli mtungi wenye nyuzi 20 za Selsiasi una presha ya psi (paundi kwa inchi ya mraba) 735 hivi, na wenye nyuzi 30 hufika psi 915. Ukipiga hesabu ya kipeuo cha pili cha presha, naitrasi inayopita kwenye jeti ileile inaongezeka kwa asilimia 12. Ila kimiminika chenye joto ni chepesi, ujazo uleule una uzito mdogo, kwa hiyo ongezeko halisi ni dogo kuliko hapo. Tumpe jamaa yako asilimia 10 nzima, tumalize ubishi.

Sasa tazama asilimia hiyo inaonekanaje kwenye mita. Injini ya nguvu farasi 200, mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho, huchoma kama kilo 45 za petroli kwa saa kwa hewa kilo 580, yaani 12.9. Seti ya farasi 50 huongeza takriban kilo 82 za naitrasi na kilo 13.6 za petroli kwa saa. Hewa huhitaji kilo moja ya petroli kwa kila kilo 14.7 ili kila kitu kiungue kikamilifu. Naitrasi huhitaji kilo moja kwa kila 9.65. Vyote vikichanganyika ndani ya ekzosi, mita itasoma karibu 12.0. Ongeza naitrasi kwa asilimia 10 bila kuongeza petroli: mita inasogea hadi 12.2. Basi. Mita husoma wastani wa moshi wote, na hewa ya kawaida ndiyo iliyo nyingi humo, kwa hiyo kosa kubwa upande wa naitrasi hujificha ndani ya tofauti ya 0.2 ambayo wengi hawaishtukii.

Ili mtungi peke yake ukufikishe 12.9, ingebidi naitrasi iongezeke kwa zaidi ya asilimia 40. Joto la Mombasa haliwezi hilo. Tena mtungi wenye presha kubwa ungefanya mchanganyiko uwe mwepesi tangu unapobonyeza, halafu uwe mzito kadiri presha inavyoshuka. Kwako ni kinyume: unaanza vizuri, unaharibika mizunguko ikipanda. Hiyo ni petroli inayokata pumzi.

Kwa nini Nairobi haikuonekana? Nairobi iko juu, mita 1,700 hivi, na kanieneo ya hewa ni kama asilimia 82 ya ile ya Pwani. Mombasa injini inavuta hewa zaidi kwa karibu moja ya tano, na kompyuta inadai petroli zaidi kwa kiasi hichohicho, kutoka kwa pampu ileile, kupitia chujio lilelile. Naitrasi yenyewe hutoka mtungini, haijui mwinuko. Pampu iliyotosha Nairobi kwa shida, Pwani imeishiwa.

Uthibitishe hivi. Funga geji ya presha kwenye reli ya petroli, bomba linalolisha injekta, kwa hosi ndefu ya kuhimili mafuta, uipitishe chini ya boneti, ubandike geji kwa utepe kwenye kioo cha mbele upande wa nje. Usiingize hosi ya petroli ndani ya gari, hata kwa dakika moja. Piga mkupuo mmoja, yaani kukanyaga mafuta hadi mwisho, gia ya tatu bila naitrasi, kisha mmoja na naitrasi, mtu wa pembeni akitazama geji tu. Tuseme reli yako hukaa psi 44. Ikishuka hadi 37, umepoteza asilimia 16 ya presha na asilimia 8 ya petroli yote, ya injekta na ya naitrasi pia, maana zote zinakunywa kwenye reli moja. Hesabu ya juu ukiirudia kwa upungufu huo inatoa 13.1 hivi. Namba yako iko karibu na hapo.

Dawa zina mpangilio wake. Badilisha chujio kwanza, ndilo rahisi. Pima volti kwenye soketi ya pampu injini ikifanya kazi nzito: chini ya 13 ina maana waya umechoka, vuta waya mpya wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye betri kupitia relei na fyuzi. Volti zikiwa nzuri na presha bado inashuka, pampu imekwisha. Ile ya lita 255 kwa saa inatosha kwa gari lako na inabaki, ila hakikisha regyuleta, kidhibiti cha presha ya petroli, inamudu kurudisha ziada, la sivyo utapata presha kubwa injini ikiunguruma taratibu na gari litanuka petroli. Tangi lisiwe chini ya robo siku ya kukimbiza.

Na ile jeti kubwa ya petroli? Ungeongeza mdomo mwingine kwenye reli inayokufa. Presha ingeshuka zaidi, injekta zingepungukiwa, na mita ingekuonyesha nafuu kidogo huku silinda moja ikiungua. Reli ikishatulia, rudisha mtungi psi 900 hadi 950, uwe uko Nairobi au Mombasa, halafu ndipo uzungumzie jeti.

Nina Mark II ya 1JZ-GE, seti ya weti ya farasi 50. Jeti ya petroli ni namba 24. Fundi anasema nipande hadi 26, "ni mbili tu". Mbili tu ni kiasi gani? — Msomaji, Kinondoni, Dar es Salaam

Ni nyingi. Kwenye seti nyingi namba ya jeti ni kipenyo cha tundu kwa elfu za inchi, na kinachopitisha mafuta ni eneo la tundu. Zidisha kila namba kwa yenyewe: 26 mara 26 ni 676, 24 mara 24 ni 576. Gawanya, utapata 1.17. Umeongeza petroli ya naitrasi kwa asilimia 17. Kutoka 24 kwenda 25 ni asilimia 8.5. Kwenye jeti ya naitrasi namba ni kubwa, kwa hiyo hatua ileile ya mbili, kutoka 50 hadi 52, ni asilimia 8 tu. Ndiyo maana "mbili tu" ya upande mmoja si "mbili tu" ya upande mwingine.

Badala ya kubahatisha, pima. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, gari nje, kizimamoto mkononi mwa mtu wa pili, ondoa bomba la petroli kwenye nozeli, mdomo wa kunyunyizia, na uliache na jeti yake. Elekeza kwenye chupa yenye alama za mililita. Washa pampu kwa waya wa moja kwa moja, fungua solenoidi (vali ya umeme) ya petroli peke yake kwa sekunde 10 kamili. Kwa farasi 50 utarajie mililita 50 hivi. Ukipata 35, jeti imeziba au presha inaanguka mafuta yanapotembea, hata kama geji inasoma vizuri yakiwa yamesimama. Presha ya kusimama haina maana yoyote kwenye kazi hii. Soma geji mafuta yakiwa yanatoka.

Upande wa naitrasi, pima mtungi kwa mizani ya kidijitali inayosoma gramu 10, kabla na baada ya mkupuo wa sekunde 6. Ukipungua gramu 136 hivi, na petroli katika sekunde hizo ni mililita 31, ambayo ni gramu 23, uwiano wako ni 6 kwa 1. Hapo ndipo pa kuanzia, au hata 5.5. Kwenye 9.65 hakuna petroli ya ziada ya kupooza chochote. Ukipanda kuelekea 7, nenda hatua moja moja, na kila hatua uisome kwenye plagi.

Usipanue jeti kwa drili. Ukingo wa tundu ukikwaruzika, jeti iliyoandikwa 24 haipitishi kama 24. Kama unashuku namba iliyochorwa, jaribu kwa shina la kijino cha drili: 24 ni milimita 0.61, kijino cha 0.6 kinapaswa kuingia bila kulegalega.

Je, sensa ya oksijeni ya kiwandani inatosha kuseti naitrasi? — B., Kisumu

Haitoshi. Ile ya kawaida yenye waya nne inajua tu kama uko juu au chini ya 14.7. Kati ya 11.5 na 13 husoma karibu volti ileile, na tofauti ya pistoni nzima na pistoni iliyoyeyuka iko hapohapo. Nunua waidibendi, kabla ya jeti zozote za ziada.

Nimechanganyikiwa. Nikibonyeza naitrasi, gari linakohoa na waidibendi inaruka hadi 16. Nimeongeza petroli mara tatu, na kila nikiongeza inakohoa zaidi na mita inasoma juu zaidi! Mita mbovu? — L.M., Arusha

Mita inasema kweli, wewe ndiye unaitafsiri vibaya. Sensa hainusi petroli, inanusa oksijeni. Silinda ikikosa kuwaka, oksijeni yake yote inatoka ekzosi kama ilivyoingia, na mita inaandika "mwepesi" ingawa petroli mbichi inatiririka pamoja nayo. Ukiongeza petroli unazidi kuzima cheche. Rudisha petroli ulipoanzia, uende kwenye plagi.

Naitrasi huongeza msongamano ndani ya silinda, na cheche hupata taabu kuruka pengo pana. Kama plagi zako ni za pengo la kiwandani la milimita 1.1, zipunguze hadi 0.8. Plagi za iridiamu usizigonge kwa geji ya sarafu. Ncha huvunjika, afadhali ununue zilizotoka na pengo dogo. Chagua plagi baridi zaidi kwa hatua moja. Hapa watu hukosea dukani: kwa NGK namba kubwa ni baridi zaidi, kutoka 6 kwenda 7, kwa Denso vilevile, kutoka 20 kwenda 22, kwa Bosch ni kinyume, namba ndogo ndiyo baridi. Epuka zile ambazo ncha yake imechomoza sana ndani ya chumba, maana huwa makaa na kuwasha mchanganyiko kabla ya wakati.

Kama bado, badilishana koili kati ya silinda uone kama kukohoa kunahama. Angalia pia ufa au gasketi iliyoungua ya ekzosi kabla ya sensa: hewa ya nje ikinyonywa humo, mita itasoma juu hata injini ikiwa imelowa petroli.

Baada ya kuwaka sawasawa, weka mita isome lamda, yaani uwiano ulionao ukigawanywa kwa ule wa kuungua kikamilifu, badala ya namba za petroli, lenga 0.78 hadi 0.82. Faida yake ni kwamba petroli yenye ethanoli haikudanganyi. Rudisha taimingi, wakati wa kuruka cheche, nyuma digrii 2 kwa kila farasi 50; naitrasi huharakisha moto, na taimingi iliyoachwa mbele hugonga hata mchanganyiko ukiwa mzito.

Kisha plagi zitoe ushahidi. Weka mpya, piga mkupuo mmoja kamili kwenye njia iliyofungwa, na mwishoni zima injini mafuta yakiwa bado yamekanyagwa, gia ikiwa huru, gari lijiendee lenyewe hadi lisimame. Ufunguo usiurudishe hadi kwenye kufunga usukani, na kumbuka breki na usukani vitakuwa vizito. Toa plagi, tazama kwa lenzi ya kukuza mara 10. Ndani kabisa, pale kauri inapozama kwenye chuma, kuwe na pete nyembamba ya masizi. Pete isipokuwepo, kauri ikiwa nyeupe kama chokaa, ongeza petroli. Ukiona vitone vidogo vinavyong'aa kama mchanga wa fedha, hiyo ni alumini ya pistoni. Hapo funga mtungi, siku imekwisha. Tazama plagi zote, si ile iliyo karibu. Nozeli moja kabla ya throto, mlango wa hewa wa injini, mara nyingi hailishi silinda sawa, na mita haiwezi kukwambia ni ipi iliyo na njaa.

Nilibonyeza kitufe kwenye mizunguko 2,000, kukatokea mlipuko, bomba la hewa likang'oka na chujio likapasuka. Mchanganyiko ulikuwa mzito, 11.2. Kosa liko wapi? — Msomaji, Kampala

Kwenye kidole. Jeti hutoa naitrasi kwa sekunde, haijali injini inazunguka vipi. Kwenye mizunguko 2,000 kila mpigo wa pistoni hupokea mara tatu ya kile ambacho ungepokea kwenye 6,000. Juu ya hapo, hewa kwenye manifoldi, bomba linaloigawia silinda, inatambaa, petroli inashindwa kubaki mvuke, inatuama kwenye sakafu ya manifoldi kama uji, kisha cheche moja ikivuja kupitia vali ya kuingiza hewa, unapata ulichopata.

Ondoa kitufe kama kiwashio pekee. Weka swichi ya mizunguko inayofungua naitrasi kuanzia 3,000 na kuifunga mizunguko 300 kabla ya kikomo cha injini, pamoja na swichi ya kanyagio inayokubali mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi mwisho tu. Kile kikomo cha juu ni muhimu kuliko cha chini: magari mengi hujizuia kwa kukata injekta, na injekta zikikatwa naitrasi ikiendelea kumiminika, mchanganyiko unakuwa mwepesi kupita kiasi kwa nusu sekunde. Nusu sekunde inatosha. Ongeza swichi ya presha ya petroli inayokata solenoidi zote mbili presha ya reli ikishuka chini ya kiwango ulichochagua, mfano psi 38 kwa reli ya 44.

Nozeli ikae sentimita 10 hadi 15 kabla ya throto, na iwe baada ya sensa ya kupima hewa. Na kamwe usijaribu solenoidi ya naitrasi mtungi ukiwa wazi na injini imezimwa. Manifoldi ikijaa naitrasi, ukipiga stata bomba la hewa litakuwa hasara ndogo.

Mtungi kwenye buti hapa Muscat unasoma psi 1,300 mchana. Je, nipunguze jeti? — A.S.

Hapana, punguza joto. Juu ya nyuzi 36 hivi naitrasi haibaki kimiminika tena, na jeti iliyopimwa kwa kimiminika haina hesabu tena. Funika mtungi kwa taulo iliyoloa maji baridi, fungua buti upepo upite, subiri ishuke hadi 950. Pima uzito pia: mtungi wa paundi 10 usibebe zaidi ya kilo 4.5 za naitrasi, maana uliojazwa kupita kiasi hupanda presha kwa kasi ya kutisha na kuelekea kupasua kiziba chake cha usalama, ambacho kwa kawaida hukatika karibu na psi 3,000. Kwa wale wa Limuru wenye tatizo la kinyume, tumieni blanketi la umeme lenye swichi ya presha. Si moto wa gesi, hata kwa mbali.

Nimeona vile vichupa vidogo vya kupiga krimu vya keki vina naitrasi. Vinaweza kutumika? — Kijana wa Unguja

Kikemia ni gesi ileile. Kichupa kimoja kina gramu 8. Seti ya farasi 50 hula gramu 23 hivi kwa sekunde, kwa hiyo kila kichupa ni theluthi moja ya sekunde, na safari ya sekunde 6 inahitaji vichupa 17 vifunguke kwa pamoja kwa presha moja. Waachie waoka keki. Ya hospitali nayo iache hospitali. Ya magari huwekwa kiasi kidogo cha salfa dioksidi ili ichome pua na watu wasiivute. Kwa injini haina madhara. Na usije ukakubali kuuziwa oksijeni ya kuchomelea kwa jina la naitrasi. Naitrasi huachia oksijeni yake ikishapata joto la silinda, na naitrojeni inayobaki hupunguza ukali wa moto. Oksijeni tupu haina breki hiyo. Ikikutana na mafuta kidogo kwenye bomba huwaka kabla haijafika kwenye injini.